Cheo ni Dhamana: Kathleen Wynne na Kiti cha Mdhamini wa Shule

Mdhamini, katika Kiswahili cha mwambao, ni mtu aliyekubali jambo la mwenziwe liwe shingoni mwake. Akidhamini deni, mdeni asipolipa hudaiwa yeye. Akimdhamini mtu mbele ya hakimu, mtu huyo akitoroka huulizwa yeye. Ndipo panaposemwa kuwa cheo ni dhamana: mwenye cheo hakushika chake, ameshika cha watu, na siku ya kudaiwa ipo. Hakuna neno linaloelekea zaidi kumtaja yule ambaye wakaazi wa jimbo la Ontario, huko Kanada, humchagua kwa kura ili aziangalie shule za umma za mtaani kwao. Yeye si mwalimu, wala si mtumishi wa wizara. Hukaa katika bodi pamoja na wenziwe, wakapitisha bajeti, wakaamua shule ipi ijengwe na ipi ifungwe, wakamwajiri mkurugenzi. Na mzazi mwenye malalamiko humpigia simu yeye, pengine usiku, nyumbani kwake. Amekabidhiwa watoto wa watu na fedha za watu, naye anajulikana kwa sura na kwa jina.

Wanasiasa wengi wa Kanada walianzia katika kiti hicho. Makala haya yanamfuata mmoja wao, Kathleen Wynne, aliyetoka katika bodi ya shule za Toronto akafika kuwa waziri mkuu wa jimbo la Ontario, cheo alichokishika tangu 2013 hadi 2018. Habari yake inafaa kusimuliwa hata huku mbali, kwani ndani yake limo swali ambalo kila palipo na shule na serikali haliepukiki: mtu aliyepigania haki ya wazazi kusikilizwa huwaje, siku anapokuwa yeye ndiye wa kusikiliza?

Kiti kikongwe

Kiti cha mdhamini ni kikongwe kuliko dola ya Kanada yenyewe. Sheria ya shule ya mwaka 1816, zama ambazo Ontario iliitwa Upper Canada na kutawaliwa na Uingereza, iliwaruhusu wakaazi wa kijiji wakutane na wachague watu watatu wa kumtafuta mwalimu na kuitunza shule yao. Shirikisho la Kanada halikuzaliwa hadi 1867.

Kwa wanawake kiti hicho kilikuwa mlango uliofunguka kabla ya milango mingine. Tangu 1850 mwanamke mwenye mali aliweza kupiga kura ya kuwachagua wadhamini wa shule. Mwaka 1892 Augusta Stowe-Gullen, aliyekuwa tabibu, alichaguliwa kuingia katika bodi ya shule ya Toronto. Haki ya kupiga kura ya bunge la jimbo wanawake waliipata 1917, na bunge hilo halikumwona mbunge mwanamke hata mmoja mpaka 1943, walipoingia Agnes Macphail na Rae Luckock. Kwa miongo mingi, basi, shule ndiyo iliyokuwa siasa ya mama. Palipo na mwanawe hapakuwa na wa kumwambia kwa urahisi kwamba hapamhusu.

Ni katika jadi hiyo Wynne alipoingia. Alizaliwa Toronto mwezi wa Mei 1953. Alisoma isimu katika Chuo Kikuu cha Toronto hadi shahada ya pili, kisha akapata shahada nyingine ya pili katika elimu ya watu wazima. Alifanya kazi ya usuluhishi, ile ya kuwakalisha wagombanao meza moja hadi wafahamiane. Alikuwa mama wa watoto watatu waliosoma shule za umma, na siasa yake ilianzia hapo, katika mikutano ya wazazi. Mwaka 1994 aligombea udhamini wa shule akashindwa kwa kura chache. Kama si yaliyotokea mwaka uliofuata, yamkini habari yake ingeishia hapo.

Wadhamini wawili

Juni 1995 serikali ya Ontario ilishikwa na Mike Harris, kiongozi wa Wahafidhina. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba Harris naye alikuwa mdhamini wa shule. Huko North Bay, kaskazini mwa jimbo, aliwahi kufundisha kwa muda. Mwaka 1974 akachaguliwa kuwa mdhamini katika bodi ya elimu ya Nipissing, akawa hata mwenyekiti wake, na 1981 akaingia bungeni. Alikijua kiti hicho kwa kukikalia, na aliyoyajua hayakumfanya akihurumie. Alikuwa ameahidi kupunguza kodi ya mapato ya jimbo kwa asilimia 30 na kubana matumizi ya serikali, na bodi za shule, ambazo zilikuwa na uwezo wa kujitoza kodi ya majumba na viwanja, zilikuwa machoni pake mahali ambapo fedha huvuja.

Dalili zilianza mapema. Mwaka huohuo wa 1995 kulivuja mkanda wa video ambamo waziri wake wa elimu, John Snobelen, aliwaeleza watumishi wa wizara kuwa ili mageuzi yapite, hapana budi kwanza kubuniwa hali ya mtafaruku. Kisha zikafuatana sheria. Ya Aprili 1997 ilizipunguza bodi za shule kutoka 129 hadi 72, na wadhamini kutoka takriban 1,900 hadi karibu 700. Posho ya mdhamini ikawekewa ukomo wa dola 5,000 kwa mwaka. Ya Desemba mwaka huo iliziondolea bodi uwezo wa kupanga kodi. Tangu hapo kila senti ya shule ingetoka katika mkono wa jimbo, kwa hesabu iliyopigwa na wizara. Walimu wapatao 126,000 walitoka madarasani kwa majuma mawili, Oktoba na Novemba 1997, wakarudi bila ya kuizuia.

Ukiitazama kwa kina, mdhamini aliachiwa jina akapokonywa mfuko. Kabla ya hapo mzazi aliyemwambia kwamba shule ya mtaa wake inahitaji mwalimu wa muziki aliweza kujibiwa ndiyo au la. Sasa jibu la kweli lilikuwa moja, nalo ni kwamba fedha haziko hapa. Dhamana bila ya mali ya kudhaminia ni maneno matupu, na wanaoyajua mambo ya madeni hawahitaji kuelezwa.

Wakati huohuo serikali iliamua kuiunganisha miji sita ya Toronto iwe mji mmoja. Wakaazi waliulizwa kwa kura mwezi wa Machi 1997, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga walikataa. Muungano ukapita vilevile, ukaanza tarehe 1 Januari 1998. Siku hiyohiyo bodi za elimu za miji hiyo nazo zilikusanywa kuwa bodi moja yenye wanafunzi wapatao 300,000 na wadhamini 22. Wynne alikuwa miongoni mwa waasisi wa vuguvugu la raia lililopinga muungano huo, likiongozwa na John Sewell, meya wa zamani. Na alishiriki kuunda mtandao wa wazazi wa shule za jiji. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: shule ni ya wanaoitumia, na wizara iliyo mbali haiwezi kuujua mtaa kuliko wenye mtaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 2000 aligombea tena udhamini, na mara hii akashinda. Miaka miwili baadaye ukaja mtihani. Sheria iliitaka kila bodi ipitishe bajeti isiyo na nakisi. Bodi ya Toronto ilipiga hesabu ikaona kwamba fedha ilizopewa na jimbo hazitoshi, na kuwa bajeti ya namna hiyo ina maana ya kuwapunguza wasaidizi wa shule, mabwawa ya kuogelea na masomo ya ziada. Wengi wa wadhamini, Wynne akiwamo, walikataa kuipitisha, ilhali wanajua kinachofuata. Mwezi wa Agosti 2002 serikali, ambayo kwa wakati huo iliongozwa na Ernie Eves aliyempokea Harris, ilimteua msimamizi, Paul Christie, akashika madaraka yote ya bodi. Wadhamini walibaki na viti vyao na simu zao. Maamuzi yalikuwa ya mtu mmoja ambaye hakupigiwa kura na mzazi yeyote.

Hasira ya mwaka huo ilimtoa Wynne katika bodi ikampeleka bungeni. Katika uchaguzi wa tarehe 2 Oktoba 2003, kwa tiketi ya Waliberali, alimshinda David Turnbull, Mhafidhina aliyewahi kushika uwaziri, katika eneo la Don Valley West. Chama chake, chini ya Dalton McGuinty, kilipata viti 72 kati ya 103. Wadhamini wa Toronto wakarejeshewa madaraka yao.

Upande wa pili wa meza

Septemba 2006 Wynne aliteuliwa kuwa waziri wa elimu. Aliyekuwa akiandika barua sasa alikuwa ndiye anayeandikiwa.

Mwaka mmoja baadaye ulimjia ushindani wa ajabu. John Tory, kiongozi mpya wa Wahafidhina, aliamua kugombea katika Don Valley West, dhidi ya waziri wa elimu mwenyewe, na suala lililotawala uchaguzi ule likawa la elimu. Katika Ontario shule za Wakatoliki hugharamiwa na serikali, kwa mapatano ya katiba ya 1867. Shule za Waislamu, Wayahudi, Wahindu na Wakristo wa madhehebu mengine hazipati kitu. Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikwisha kusema kwamba utaratibu huo ni wa ubaguzi. Tory aliahidi kuzigharamia shule za dini zote zitakazokubali mtaala wa jimbo. Waliberali wakajibu kuwa watoto wasitenganishwe, na kuwa fedha za shule za umma zisigawanywe zaidi. Wapiga kura walilikubali jibu hilo. Tarehe 10 Oktoba 2007 Wynne alimshinda Tory, na chama chake kikarudi madarakani kwa viti 71 kati ya 107. Hata hivyo swali la haki halikujibiwa, liliahirishwa tu: wazazi wa dini moja walikuwa na shule zao kwa fedha za wote, na wengine hawakuwa nazo.

Kisha likaja jambo linalostahili kuzingatiwa kuliko yote ya uwaziri wake. Mwaka 2008 bodi ya shule za Kikatoliki ya Toronto iliingia katika lawama, kwa matumizi ya wadhamini wenyewe na kwa bajeti isiyosawazika. Waziri Wynne alimteua msimamizi, Norbert Hartmann, akawavua wadhamini madaraka. Yule aliyenyang'anywa dhamana 2002 sasa aliinyang'anya kwa mkono wake.

Wapo waliomwita mnafiki, na lawama hiyo ni rahisi mno. Visa viwili havifanani. Wadhamini wa 2002 walikataa bajeti kwa ajili ya shule. Miongoni mwa wale wa 2008 walikuwamo waliojitumilia wao. Mdhamini akila amana, mwenye amana anayo haki ya kuitafutia mshikaji mwingine. Lakini nyuma ya tofauti hiyo kuna mfanano ambao hauondoki: zana ni ileile. Harris na Eves hawakuivunja ngao ya wadhamini kwa muda. Waliibadilisha sheria, na serikali iliyowafuata, ingawa iliwapinga, iliikuta silaha mezani ikaona inafaa. Kodi ya shule haikurudishwa kwa bodi. Sheria ya Desemba 2009, iliyotungwa Wynne akiwa waziri, ilieleza wajibu wa mdhamini kwa urefu: ahakikishe ufaulu wa wanafunzi, aheshimu maamuzi ya bodi. Wajibu uliongezeka, mfuko ukabaki wizarani.

Yaliyotokea Thorncliffe Park

Eneo la Don Valley West lina mitaa ya matajiri, na lina Thorncliffe Park, mtaa wa majumba marefu ya kupanga uliojaa wahamiaji, wengi wao Waislamu kutoka Pakistani, Afghanistani na kwingineko. Pande hizo za bonde la mto Don si ngeni kabisa kwa watu wa Afrika Mashariki. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, maelfu walipokewa Kanada, na familia nyingi za Kiismailia zilizotoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zilijenga maisha mapya Don Mills na mitaa jirani. Murad Velshi, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi Nairobi kabla ya kuhamia Kanada, aliiwakilisha Don Mills bungeni tangu 1987 hadi 1990. Katika mitaa ya namna hiyo shule ni zaidi ya jengo; ni mahali ambapo mgeni hujua kama amekubaliwa au amevumiliwa tu.

Wakati wa uwaziri wa Wynne wizara iliandaa mtaala mpya wa afya na elimu ya miili, kuchukua nafasi ya ule wa 1998. Ulipotangazwa 2010, yeye akiwa ameshahamishiwa wizara ya uchukuzi, viongozi wa Kikristo waliupinga, na McGuinty akauondoa katika muda wa siku chache. Tarehe 26 Januari 2013 Wynne alichaguliwa kukiongoza chama cha Waliberali, na tarehe 11 Februari akaapishwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Ontario. Alikuwa pia wa kwanza miongoni mwa mawaziri wakuu wa majimbo ya Kanada aliyejulikana wazi kuwa anaishi na mwenzi mwanamke. Jambo hilo hakulificha. Katika mkutano wa chama alilitaja mwenyewe na kuwauliza wajumbe kama Ontario iko tayari. Juni 2014 wapiga kura walimpa viti 58 kati ya 107.

Februari 2015 mtaala ulirudi, ukiletwa na waziri wake wa elimu, Liz Sandals, ambaye naye alikuwa mdhamini wa shule wa zamani na aliyewahi kuwa rais wa chama cha bodi za shule za umma. Serikali ilieleza kuwa imepeleka hojaji kwa wazazi wapatao 4,000, mmoja wa baraza la wazazi katika kila shule ya msingi. Wazazi wengi walijibu kuwa hawakuulizwa. Mtaala uliwataka watoto wa darasa la kwanza wajue majina halisi ya viungo vya miili yao, ili mtoto akiguswa vibaya aweze kusema. Katika darasa la tatu ulitaja kuwa zipo familia za sura mbalimbali, zikiwamo zenye mama wawili au baba wawili.

Mwezi wa Mei 2015 wazazi wa shule ya msingi ya Thorncliffe Park, mojawapo ya shule kubwa kabisa za msingi katika Amerika ya Kaskazini, waliwazuia watoto wao nyumbani. Katika siku ya kwanza waliokosekana walizidi elfu moja. Septemba, mtaala ulipoanza kufundishwa, mgomo ulirudi, na baadhi ya watoto wakasomeshwa bustanini. Mabango yalikuwa na maneno ambayo Wynne aliyajua vizuri kuliko yeyote: mzazi ndiye mlezi wa kwanza, serikali isiamue peke yake. Hili lilikuwa eneo lake la uchaguzi. Ilikuwa hoja yake ya 1997, ikisemwa na wazazi wengine, kwa lafudhi nyingine, kwa sababu ambazo yeye hakukubaliana nazo.

Hapana haja ya kumtakasa upande wowote. Miongoni mwa waliopinga walikuwamo waliomshambulia Wynne kwa nafsi yake na kueneza mambo ambayo hayakuwamo katika mtaala. Walikuwamo pia wazazi waliosema kwa adabu kwamba mambo ya aibu hufundishwa nyumbani, kwa wakati wake, na wala hawakumchukia mtu. Na upande wa serikali ulikuwa na hoja nzito, kwani mtoto asiye na jina la kiungo chake hana namna ya kushitaki. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kati: mdhamini aliye karibu, mwenye uwezo wa kusema kwa mtaa huu tutafanya hivi. Mdhamini alikuwapo, ila mtaala, kama fedha, ulikuwa wa wizara.

Mwisho wake suluhu ndogo ilipatikana shuleni penyewe. Wazazi wa darasa la kwanza waliotaka walipewa hiari ya somo ambalo ndani yake viungo havikutajwa kwa majina, viliitwa sehemu za siri. Msomaji wa mwambao hatashangaa. Tafsida ni sehemu ya adabu ya lugha yetu. Kungwi na somo walijua kusema lote bila ya kulitaja, na mwanafunzi akaelewa. Kwamba mzozo uliotikisa jimbo zima ulipoozwa mtaani kwa kubadilisha maneno mawili matatu, na kwamba aliyekuwa juu yake ni mwanamke aliyesomea isimu, ni jambo la kufikirisha. Wizara ilikuwa na sababu ya kutaka neno halisi, na mtaa ulikuwa na sababu ya kutaka neno la staha. Aliyeweza kuyaweka yote mawili katika nyumba moja alikuwa mwalimu mkuu na wazazi wake, wala haikuwa sheria.

Siku ya kudaiwa

Serikali ya Wynne haikuanguka kwa mtaala peke yake. Waliberali walikuwa madarakani tangu 2003, bei ya umeme ilikuwa imepanda, na uamuzi wa 2015 wa kuuza hisa za shirika la umeme la Hydro One uliwaudhi hata marafiki. Januari 2018 alipandisha kima cha chini cha mshahara kikawa dola 14 kwa saa, lakini wapiga kura walikwisha kumpa kisogo. Tarehe 2 Juni 2018, siku tano kabla ya uchaguzi, alitangaza mwenyewe kuwa hatakuwa tena waziri mkuu, akawaomba watu wawape wagombea wa chama chake kura ili mshindi asiwe bila ya upinzani. Ni nadra kwa mwanasiasa kukiri hivyo kabla ya sanduku kufunguliwa. Tarehe 7 Juni chama chake kilibaki na viti 7 kati ya 124. Yeye mwenyewe alinusurika Don Valley West kwa kura 181.

Doug Ford, Mhafidhina aliyemfuata, aliuondoa mtaala wa 2015 msimu huohuo wa joto, akaahidi kuwauliza wazazi. Waliulizwa, na mtaala uliotoka 2019 ulibakisha sehemu kubwa ya yaliyokuwamo katika ule uliofutwa. Wynne alikaa bungeni kama mbunge wa kawaida, bila cheo, mpaka 2022, asigombee tena.

Miaka ikapita, na lile la 2002 likarudi. Juni 2025 serikali ya Ford iliteua wasimamizi wa bodi kadhaa za shule, ya umma ya Toronto ikiwamo, kwa hoja ya bajeti na uendeshaji. Wadhamini wakawa tena na viti visivyo na madaraka. Serikali ya Ford ilipoyafanya hayo haikuhitaji kubuni njia mpya. Njia ilifunguliwa na mdhamini wa North Bay, na mdhamini wa Toronto, alipopata nafasi ya kuifunga, aliipita.

Hilo ndilo deni ambalo historia inaweza kumdai Kathleen Wynne bila ya kumwonea. Alikuwa mkweli katika mengi, alisoma zaidi kuliko wengi waliomtangulia, na mapenzi yake kwa shule za umma hayana shaka. Lakini alipokuwa na wizara mkononi na wingi bungeni hakuwarudishia wadhamini kile ambacho yeye na wenziwe walikililia mwaka 1997, kwani kwa mwenye wizara kazi huenda upesi zaidi fedha zikiwa chini yake. Waliomfuata waliupenda wepesi uleule.

Na bado, katika mitaa ya Toronto, yuko mzazi ambaye mwanawe hana mwalimu wa kumsaidia kusoma, au ambaye hakupenda alichokisikia mtoto akisimulia jioni. Huyo hampigii simu waziri mkuu, wala waziri. Tangu 1816 amekuwa akimtafuta mtu wa jirani aliyemchagua mwenyewe. Simu ya mdhamini ingali inalia. Kilichopungua ni uwezo wa mwenye kuipokea.